Kilometa Kumi za Ezron Mbonile

Pale Majengo, Tunduma, ukimuuliza mtu yeyote aliko fundi Ezron Mbonile, atakuonyesha kwa kidole bila kukudadisi una shida gani, maana shida yako inajulikana: breki. Kwa zaidi ya miaka arobaini mzee huyu ameishi chini ya matumbo ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Sasa ana miaka sabini na kitu, magoti yanalia kila akiinama, na jicho la kushoto linaona ukungu hata jua likiwa la utosi. Ila ulimi wake ni mzima kabisa. Mpe kikombe cha chai na kigoda, atakusimulia habari za gari moja jekundu ambalo, kwa hesabu zake, lilikuwa bado halijamaliza safari.

Vijana wa gereji walikuwa wakimtania kila asubuhi. "Shikamoo mzee. Leo zimebaki ngapi?"

"Marahaba. Zimebaki kumi," alijibu, na wote wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Mkewe, Mama Nesta, ndiye peke yake aliyejua kwamba mzee alicheka ili watu wasimwone anavyoumia.

Gari lenyewe lilikuwa Datsun 240Z, la milango miwili, boneti refu, kiuno chembamba, silinda sita mbele. Kwa sasa magari ya aina hiyo yaliyowahi kushindana katika nchi yetu yamebaki ya kutafuta kwa tochi. Hilo lililetwa Mbozi na Mgiriki mmoja mwenye shamba la kahawa, watu wakimwita Bwana Kosta, mtu aliyependa mwendo kuliko alivyoipenda kahawa yake. Mashindanoni dereva hukaa na mwenzake wa kumsomea njia: kona kali kulia, daraja bovu, punguza, ongeza. Kosta akatafuta wa kumsomea, akamkuta Ezron, kijana wa miaka ishirini, utingo wa lori la kahawa. Ezron alizijua barabara za Mbozi, Momba na Ileje kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba yao.

Walishindana mara tatu. Mara ya kwanza walipasua tairi, mara ya pili wakashika nafasi ya nne. Mara ya tatu ilikuwa mwaka sabini na nne, mbio za kutoka Iringa hadi mpakani Tunduma, na walipofika Mpemba hakukuwa na gari lolote mbele yao. Kilometa kumi tu zilikuwa zimebaki. Kule mpakani watu walikuwa wamekwisha kupanga mistari na bendi ilikuwa inajaribu matarumbeta.

Hapo Mpemba msiba ukakatiza barabara. Wanaume wamebeba jeneza mabegani, kina mama nyuma wanaimba, wanatoka upande huu wanakwenda makaburini upande ule. Kosta akaona pengo kati ya wabebaji na waimbaji, akataka kupenya.

"Zima, Bwana," Ezron akasema. "Maiti haipitwi mbio."

Kosta akamtazama kama mtu aliyetukanwa. Ezron hakumsubiri amalize kutazama. Alizungusha ufunguo mwenyewe, injini ikazima, akashuka, akavua kofia yake ngumu, akasimama kando ya barabara mpaka mama wa mwisho alipovuka. Tangu utoto alikuwa amefundishwa hivyo, wala haikumpitia akilini kwamba kulikuwa na namna nyingine. Waliporudi kuwasha, gari likagoma. Injini ilikuwa ya moto mno, petroli ikachemka ndani ya kabureta, na kwa ugonjwa huo magari yale yalikuwa na sifa mbaya duniani kote. Wakamwagia maji, wakafunika kwa matambara mabichi, wakaomba. Peugeot ikapita. Ford ikapita. Gari lilipokubali kuwaka, mashindano yalikuwa yamefungwa na bendi imekwenda kula. Kosta akageuza palepale Mpemba kurudi Mbozi.

Usidhani Ezron alijuta kusimama. Ungemrudisha pale siku ileile angezima tena. Lakini ilimuuma, na mtu anaweza kutenda sawa na bado akaumia. Kilichomuuma si kombe. Alisoma njia yote ile, kona baada ya kona, na hakupata kusema neno la mwisho ambalo msoma njia huliwekea hamu tangu anapopanda gari: "Tumefika."

Kosta aliporudi kwao Ugiriki, gari likaanza kuolewa na kuachika. Kwanza lilichukuliwa na Danford, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Momba, aliyelishindanisha mara mbili Mbeya, mara zote likifika la mwisho kwa sababu alikuwa akisimama kuwasalimia wanaomshangilia. Danford akaliuza kwa Timotheo, mnunuzi wa dhahabu wa Saza. Huyo alilipakia sururu, ndoo na wachimbaji watano kwa mpigo, mpaka jioni moja likatumbukia katika shimo la mgodi lililoachwa wazi. Watu walitoka salama wakiwa na vumbi tu, ila gari likavunjika ekseli ya mbele. Timotheo akalichinja kama mbuzi: injini huku, bodi kule. Bodi ikaishia Iyula nyumbani kwa mkulima mmoja, kuku wakataga katika viti vyake na juu ya paa ikaanikwa kahawa. Injini ikapanda milima ya Ileje.

Ezron alizifuata habari zote hizo kwa masikio, kama mtu anavyofuatilia mchumba wake wa zamani aliyeolewa mbali. Miaka michache iliyopita alikwenda Iyula, akawapa wenye nyumba mabati mapya ya banda la kuku, akaivuta bodi mpaka Tunduma. Majirani wakamcheka. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Alinyoosha bodi, akaunga ekseli, akapaka rangi nyekundu, akatafuta gia na tairi huku na huko. Kikakosekana kitu kimoja tu, na bila hicho gari ni kabati.

Basi mwaka huu akaja Mzambia mmoja aitwaye Moses, mwenye lori lililokuwa na shida ya breki. Moses akaiona Datsun nyuma ya gereji, akasahau lori.

"Mulishani, bashikulu!" akamwamkia mzee kwa Kibemba, halafu akaendelea kwa Kiswahili chake cha mpakani. "Hii ni 240Z ya kweli? Sisi kwetu Lusaka tuna chama cha magari ya zamani. Mwezi wa saba tunatoka Mbeya kuja Tunduma, tunavuka kwenda nyumbani. Barabara ya mashindano ya zamani ileile. Kuja na wewe!"

Usiku ule Ezron hakula. Mama Nesta alimwekea ugali, akauondoa ulivyo. Mzee alijua hakuna msafara mwingine utakaomngoja: jicho la kulia nalo lilikuwa limeanza kufuata njia ya kaka yake wa kushoto.

"Baba Nesta, fuata hiyo injini," mkewe akamwambia. "Nimechoka kulala na kilometa kumi kitandani."

Injini ilikuwa Ikinga, huko Ileje, kwa mjane aitwaye Tukuswiga, na ilikuwa inasaga mahindi. Marehemu mumewe aliitoa Saza kwa kubadilishana na ng'ombe wawili na mbuzi kadhaa. Kijiji kizima kilimtania kwamba amelipa mahari. Naye, kwa kuwa alijaliwa watoto wa kiume watupu, akasema haswa, mimi nimepata binti. Jina likaganda. Injini ikaitwa Binti, na Binti akalisha Ikinga miaka thelathini, siku mbili kwa wiki, kwa petroli. Umeme ulikuwa umefika kijijini, ila ulikuwa wa taa na simu. Mashine ya kusaga hauiwezi.

Ezron alijiandaa vizuri, au alidhani hivyo. Alinunua injini ya dizeli, imara, isiyokunywa sana, akaipakia kwenye lori dogo, akapanda milima pamoja na bintiye Nesta. Nesta ana miaka arobaini, ni dereva wa lori la mafuta, na hana mchezo barabarani. Walipofika, Ezron aliteremka akasalimia, na kabla hajakaa vizuri akasema amekuja kuchukua injini, na badala yake hii hapa.

Tukuswiga, mama mnene mwenye unga mpaka kwenye nyusi, akalitazama lori, akamtazama Ezron.

"Baba, katika nyumba hii binti hachukuliwi kwa lori."

Ezron akacheka. Akaona hakuna mwingine anayecheka. Wazee wawili waliokuwa wamekaa kivulini wakaongeza kwamba mwanamume mwenye adabu hutuma mshenga, na mshenga huja na jembe, wala haji na spana. Mpaka leo Ezron hajui pale utani uliishia wapi na ukweli ulianzia wapi. Anachojua ni kwamba alirudi Tunduma na injini ya dizeli ileile juu ya lori, na Nesta alicheka tangu Ikinga mpaka Mpemba.

Wiki iliyofuata akapanda Yesaya, mzee wa kanisa, mtaalamu wa posa. Alichukua jembe jipya lililofungwa kitenge, akapiga hodi, akasema wameona ua zuri katika boma hili na wangependa kulihamisha. Akaulizwa ua gani, maana humu wanaishi watu wengi. Akajibu, lile linalopiga kelele. Mazungumzo yakachukua mchana kutwa. Mwishowe mahari ikawa injini ya dizeli, kitenge cha mama, blanketi la mjomba na mbuzi mmoja, aliyeliwa palepale. Na Tukuswiga akaweka sharti moja mbele ya mashahidi.

"Binti huyu ndiye anayetulisha. Hiyo mashine yenu ikitulaza njaa hata siku moja, mkwe, utaniletea mwanangu hapahapa, popote utakapokuwa."

"Nimekubali, mama," akasema Ezron, ambaye wakati huo angekubali hata kutoa meno.

Injini ilipoingia katika nafasi yake, Nesta alizungusha ufunguo, silinda sita zikakohoa unga wa mahindi, zikanguruma. Ezron alikaa chini palepale kwenye udongo wenye oili. Alifurahi mpaka akaogopa. Hakuwa ameusikia mlio ule tangu ana nywele nyeusi.

Jumamosi ya msafara walijiunga na wenzao Vwawa. Nesta kwenye usukani, Ezron kushoto kwake, mahali pake. Mbele yao Moses na Mercedes ya babu yake, nyuma Volkswagen, Land Rover na vikongwe vingine vinavyong'aa. Watu walijaa barabarani, watoto wa shule wakapiga vigelegele, bodaboda wakawasindikiza. Ezron, ambaye haoni vizuri hata kibao cha gereji yake, alisoma njia yote kwa kumbukumbu. "Kona kulia, ndefu. Mteremko. Shika gia ya tatu." Nesta alizijua kona zile kuliko yeye, zilikuwa kazi yake ya kila wiki, lakini akaitika kila neno: "Sawa, baba."

Wakakaribia Mpemba. Simu ikalia mfukoni mwa mzee.

"Mkwe," ikasema sauti ya Tukuswiga, "ile mashine imezima tangu alfajiri. Fundi ametoka Isongole, ameifungua, anasema pampu ya dizeli imekufa na spea ni Mbeya, Jumatatu. Kesho ni sikukuu ya mavuno kanisani. Tuna wageni mpaka wa kutoka Malawi, na hapa kina mama wamejaa na mahindi yao, hakuna hata kibaba cha unga. Nimekupigia tu ujue."

Alikata bila kulaumu. Afadhali angetukana.

Nesta alikuwa amesikia yote. Akasogeza gari pembeni, pale njia panda ambapo barabara ya Ileje inaachana na ya Tunduma. Magari ya wenzao yakapita moja moja, yakipiga honi.

"Baba," akasema taratibu, "ni kilometa kumi."

"Najua ni ngapi."

"Twende tufike, halafu turudi."

Ezron alitikisa kichwa. Wote wawili walikuwa wakazi wa Tunduma, hawakuhitaji kufafanuliana. Malori yalikuwa yamepanga foleni kutoka mpakani kama kawaida ya mwisho wa wiki. Msafara ungeingia kwa kusindikizwa na polisi, ila wa kuwatoa hakuwepo. Wakiingia mle saa sita, wangetoka usiku, na akina mama wa Ikinga wangerudi na mahindi kichwani.

Alijionea huruma, na sioni kwa nini nifiche: alitaka sana kulia, alitaka kuitupa ile simu mtaroni. Miaka hamsini, halafu palepale! Hivi Mpemba ilikuwa imemkosea nini yeye? Kisha akajifuta uso kwa kofia.

"Kata kushoto," akasema.

"Una hakika?"

"Msoma njia ni nani humu?"

Nesta akakata kushoto. Mzee akaendelea kusoma kona za milima ya Ileje mpaka Ikinga.

Wanakijiji walipoliona gari jekundu linapanda, walidhani ni mgeni mmojawapo wa sikukuu. Tukuswiga ndiye aliyeutambua mlio kabla hajaliona. "Binti huyo anakuja kwa miguu yake!" akapiga ukelele, na kina mama wakaacha ndoo wakakimbilia njiani.

Sasa hapo kulikuwa na swali la ufundi. Kuing'oa injini na kuifunga upya mahali pake pa zamani kungekula siku mbili. Ezron akazunguka gari, akazunguka mashine, akakuna kidevu. Akamwambia Nesta arudishe gari kinyumenyume mpaka karibu na kinu. Wakaweka magogo mbele ya magurudumu, wakainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, wakavua tairi ikabaki rimu tupu. Mkanda wa mashine ukavishwa kwenye rimu. Wazee wa kivulini wakasimama kwa mara ya kwanza tangu wafahamike.

"Gia ya pili," Ezron akaamuru. "Taratibu na klachi."

Rimu ikazunguka, mkanda ukakaza, kinu kikanguruma, na unga ukaanza kumwagika mweupe kwenye debe la kwanza. Vigelegele vilivyopigwa vilisikika ng'ambo ya bonde. Kama kuna mtu mwingine duniani aliyesaga mahindi kwa Datsun 240Z iliyopakwa rangi upya, ajitokeze.

Nesta alitoka kusaidia kubeba ndoo. Mzee akabaki ndani, kwenye kiti chake cha kushoto, mkono mmoja umefikia usukani, maana lazima mtu asikilize injini. Kwa mazoea tu, kabla hawajaanza kusaga, alikuwa amekirudisha kwenye sifuri kile kihesabio kidogo cha safari kilicho kwenye dashibodi. Hakuwa na nia yoyote. Msoma njia akianza safari hufanya hivyo, kama wewe unavyofunga mkanda.

Baada ya muda akagundua kwamba namba zilikuwa zinasogea. Bila shaka zingesogea. Gari halijui kama limesimama. Linachojua ni kwamba gurudumu linazunguka. Ezron akaegemea mbele, akakaribisha jicho lake la kulia mpaka pua ikagusa kioo. Mbili. Debe likajaa, likaja jingine. Nne. Unga ukaingia kupitia dirishani ukatua kwenye magoti yake. Akaanza, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti, kusoma njia aliyonyimwa: mteremko wa kutoka Mpemba, kona ya kulia, tambarare, nyumba za kwanza, kona ya kushoto, punguza kuna watu. Nesta alisimama na ndoo mkononi, akasikia, akaelewa, akageukia upande mwingine.

Namba ya kumi ilipopanda na kukaa sawasawa, Ezron alisema neno lake. Alilisema kwa sauti ya kawaida, halafu machozi yakamtoka bila ruhusa yake.

Tukuswiga akachungulia dirishani. "Mkwe, unalia? Unga umekuingia machoni?"

"Hapana, mama. Tumefika."

"Mmefika wapi?"

"Tunduma."

Tukuswiga akaitazama milima ya Ileje pande zote, akautazama mkanda unavyozunguka, akamtazama tena mzee aliyekuwa mweupe kwa unga mpaka masikioni. Akaingiza mkono dirishani, akamshika bega kwa nguvu.

"Basi karibu Tunduma, baba," akasema. "Pole na safari. Lakini msizime, kwaya nzima ya kina mama bado haijasaga."